Video Niliyoibana

4 Machi

Baba shikamoo,

Goti lako limeamkaje? Mimi mzima huku ugenini, kazi ipo. Msimamizi wetu ni mwema mno, husoma kila ujumbe kabla haujaondoka. Nakutumia video nikifua mashuka. Ni nzito, ivumilie. Mfikishie kaka kama ilivyo, usiiguse.

Kitindamimba wako

9 Machi

Marahaba mwanangu,

Goti linalia kama bawaba, lakini paa bado napanda kuwashinda vijana wenu. Mimi niliyeezeka nusu ya mji huu nishindwe na simu? Video ilikuwa nzito kama gunia la misumari, ikagoma kwenda kwa kaka yako. Nikaipeleka kwa fundi simu. "Ibane, fundi, mwenye mtoto ni mimi." Ikawa unyoya! Ile kubwa tukaifuta. Na uso wako ni uleule. Nani kama baba yako?

Baba yako, Mzee Bati

17 Machi

Mwanangu hujambo?

Sisi wazima, ila usingizi umenihama. Tuma tena video ya mashuka, ileile nzito. Mama yako hakushiba kukuona. Safari hii siigusi hata kwa kidole. Tafadhali, mama. Umewahi kunisikia nikisema tafadhali?

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Niko salama na nina furaha. Video haziruhusiwi tena. Msiwe na wasiwasi.

Binti yako

2 Aprili, kwenye karatasi

Mwanangu,

Hii siitumi, maana huko anasoma yule msimamizi wenu. Kabla sijakuomba video tena, kaka yako alikuja mbio, akakaa sakafuni na simu mkononi. Kumbe mlipatana: ukifungiwa, utaficha mahali ulipo ndani ya video, katikati ya chembe za picha, jicho lisione. Nikambishia, si unanijua. "Picha ni ileile!" Akasema, "Baba, kubana ni kutupa. Mashine hutupa kile jicho lisichokiona. Na yeye alikuwa humo."

Nikarudi kwa fundi, nikamkaba shati, airudishe ile kubwa. Akachokonoa simu mpaka jasho likamtoka. Haipo.

Leo umekuja ujumbe wenye furaha. Mama yako ameinua mikono kushukuru, nami nikageukia ukuta. Kusoma kwangu ni kwa kudonoa, lakini mtoto wangu namjua. Hakuna shikamoo. Hakuna goti.

Linauma, mwanangu. Niulize.

Baba yako