Skrubu Kwenye Ndevu za Mzee Golay

Le Sentier, 3 Februari

Dada yangu Zélie,

Hatujambo. Theluji imefika madirishani, na paka wako amenenepa kunishinda.

Jana nilikuwa naunda saa nyembamba kuliko sarafu ya faranga mbili, skrubu ikanichomoka. Ni ndogo kama chembe ya vumbi. Karakana nzima tukapiga magoti, na msimamizi wetu, Mzee Golay, akafoka, "Asipumue mtu! Na wewe Bertille, ole wako upige chafya!"

Tukatambaa weee, mwishowe Bertille akaangua kicheko: "Mzee, si hiyo inang'aa kwenye ndevu zako!"

Nikaambiwa niitoe kwa kibanio. Hapo mkono ukanitetemeka, dada, nikamdunga kidevu mara mbili.

Akaninong'oneza, "Mkono umeanza lini kutetemeka?"

"Tangu Krismasi. Usinifukuze, Mzee."

"Nikufukuze? Wangu unatetemeka mwaka wa sita huu. Unadhani kwa nini nilikubali usimamizi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Amenihamisha: Jumatatu naanza kufundisha wanagenzi. Kazi yenyewe ni kufoka tu, na kufoka unajua naweza.

Mdogo wako akupendaye,
Odile