Milima Imekwenda Wapi

Dada, uko wapi? Nimetoka kutetea tasnifu yangu sasa hivi.

Yule mtahini wa nje aliitazama ramani yangu ya mvua, halafu akauliza, "Milima iko wapi? Kwenye modeli yako ya hali ya hewa upepo unapita kama vile nchi yote ni meza."

Nikamgeukia Profesa wangu anisaidie. Unajua alisema nini? "Hata mimi nashangaa."

Hata yeye anashangaa. Yeye.

Wakati ni yeye aliyeniambia niiondoe hiyo milima. Si nilikuja kwako siku ile nikilia? Nilimwambia bila milima upepo haupandi, na usipopanda, mvua yote inaangukia mahali pasipo pake. Akasema, "Achana nayo, itaichelewesha kompyuta."

Basi nikasema mbele ya wote, "Profesa, nilikuuliza ofisini kwako, ukaniambia milima niiondoe."

Mmoja pale ukumbini alikuwa anatafuna biskuti, akaacha.

Mtahini kasema nirudie hesabu zote, na milima ndani, ndipo nirudi kwake. Mwaka mzima wa kazi, dada. Nimeangushwa na kosa nililolikataa mwenyewe.

Kwenye korido Profesa akanivuta pembeni. "Umenivua nguo mbele za watu."

Nikamwambia, "Na mimi pale mbele, Profesa, uliniacha na nguo gani?"

Akaenda zake. Na bado ndiye msimamizi wangu.