Mpira wa Nusu Hatua

Jumamosi. Upepo wa kiangazi umenijaza vumbi hadi kwenye meno, ila sijanuna. Nimeshinda.

Tulikuwa tukigombea nafasi moja ya timu ya gofu inayokwenda Mwanza, mimi na Baba Kulwa, fundi cherehani mstaafu wa hapa Maganzo. Mipigo mifupi yote nimefundishwa na yeye. Miezi minne aliniwekea ungo uani kwake, akanisimamisha hatua kumi, akawa ananifokea: "Mama Neema, unaua nyoka? Taratibu! Mpira utue kwenye ungo!" Hadi ukawa unatua.

Leo, shimo la mwisho, mpira wangu ulitua pale pale nilipotaka, nikauingiza. Wake ukabaki nusu hatua kufika shimoni. Akiuingiza tuko sare. Akiukosa, nafasi ni yangu.

Uwanja wetu hauna nyasi kuzunguka shimo. Kuna mchanga uliochanganywa na oili chafu, na ubao wa kuusawazishia. Desturi yetu, mdogo humburuzia mkubwa ubao. Mkubwa haombi, analetewa. Tena mpira wa karibu hivyo mzee hata hapigishwi, unamwambia tu, "Okota, baba," na unahesabiwa umeingia.

Tangu augue mwaka jana, mkono wake wa kulia unatetemeka. Hata uzi hawezi tena kuutia kwenye sindano. Nilijua.

Na mbele ya mpira wake palikuwa na unyayo wangu, umezama. Ubao nilikuwa nimeushika mimi.

"Nipige?" akaniuliza.

"Piga."

Aliutazama ubao, akanitazama mimi, akainama. Mpira ukaingia kwenye unyayo wangu, ukakaa humo.

Hakuna aliyepiga makofi. Baba Kulwa akavua kofia, akanipa mkono ule ule, nikaubana kwa nguvu ili nisiusikie ukitetemeka. "Umeiva, mwanangu," akasema.

Niseme ukweli: nilifurahi. Nilifurahi hadi nikawanunulia watu soda.

Jioni nikakuta ujumbe wake kwenye simu. "Mwanza ni nyasi, mpira unakimbia. Njoo kesho nikuoneshe. Ungo upo."

Afadhali angenitukana.

Nitakwenda. Wala si kuomba radhi, najijua. Nataka kushinda na Mwanza. Nitabisha hodi, nitapiga goti, nitasema shikamoo baba. Naye ataitikia marahaba, kama kawaida yake.

Macho yangu nitayaweka wapi?