Bibi Harusi Amekwenda Kuchuma Maua

Yazd, 4 Shahrivar

Shangazi Turan mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, hofu ni kwako na hilo goti. Baba anakusalimu, ingawa amenuna.

Kambiz alikubali tuandike kwenye mkataba wa ndoa kwamba mambo yakinishinda nina haki ya kujitaliki. Mama yake, Bi Eshrat, kakataa katakata. Eti mtu haingii nyumba huku anatazama mlango wa kutokea. Sasa Kambiz anasema tutaandika baadaye. Baba naye: usituaibishe. Nampenda, Shangazi, ila naogopa. Nifanyeje?

Mwanao,
Mahrokh

Shiraz, 9 Shahrivar

Mwanangu,

Goti linauma, ulimi mzima.

Hiyo baadaye hata mimi niliahidiwa, nikasota mahakamani miaka sita kuomba talaka. Mwambie kaka yangu sharti la mke ni halali, na bila ridhaa yako hakuna ndoa. Na Bi Eshrat mwambie msikiti una milango tele, na watu hawakimbii sala. Maneno ya sharti nimekuandikia nyuma ya barua hii. Usigombane na mtu. Wakikuuliza, kaa kimya.

Shangazi yako,
Turan

Yazd, 2 Mehr

Shangazi,

Salamu kutoka kwa mke wa mtu. Goti vipi?

Shehe aliniuliza kama nimeridhia, wenzangu wakamjibu kama ada: "Bibi harusi amekwenda kuchuma maua." Mara ya pili: "Amekwenda kuleta marashi." Ya tatu, zamu yangu kujibu, watu tayari kwa vigelegele, mimi kimya. Binamu Sudabeh akasema, "Amekwenda kutafuta kalamu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Baba akainamia zulia. Shehe akamuuliza Kambiz, "Bwana, kuna kitu ulimwahidi?" Masikio yakamwiva. Mama yake akamkanyaga mguu, niliona. Kambiz akasema, "Kipo, shehe. Andika." Akatia sahihi, nami nikasema ndiyo, wakasikia mpaka jikoni. Nina furaha, Shangazi. Ila Bi Eshrat hanisemeshi.

Mwanao,
Mahrokh

Shiraz, 20 Aban

Mwanangu,

Hujambo na mumeo? Mimi sijambo, leo nimepanda ngazi.

Jana Bi Eshrat kanipigia simu. Nikajiandaa kutukanwa. Kumbe binti yake mdogo ameposwa huko Isfahan. Akazunguka na bei ya zafarani, akazunguka na baridi, mwisho akashusha sauti: "Bi Turan, lile sharti la Mahrokh, nisomee polepole, naandika."

Kaniomba nisikuambie. Basi sijakuambia, nimekuandikia.

Shangazi yako,
Turan