Kelele Haziwahusu

Jumatatu, 3 Machi

Wageni tena leo. Meneja kawatembeza kiwanda kizima cha kufua — mashine za kufulia, za kukamulia, mpaka chumba cha pasi kule nyuma. Nikaitwa kutoka mapokezi nitafsiri kwa lugha ya alama. Mama mmoja wa miwani akauliza mbona viziwi wote wamewekwa kwenye pasi. Meneja akasema kule kuna kelele za kupasua kichwa, wenye masikio hawakai, lakini hawa kelele haziwahusu. Wakacheka. Wakapiga picha.

Nikatafsiri yote, na kicheko pia. Kidoti akajibu hapo hapo. (Jina lake la alama ni kidole kwenye kile kidoti cha shavuni, na ndivyo sote tunavyomwita.) Mwambie kelele hazituhusu, joto ndilo linatuhusu. Nikasema kwa sauti. Meneja akawaambia wageni, hawa wana utani sana.

Alhamisi, 6 Machi

Taa ya mashine kubwa ya pasi imeungua. Shuka likinasa kwenye rola, mashine husimama. Kabla haijaanza tena kengele hulia na taa nyekundu huwaka. Kengele ni ya wenye masikio. Taa ndiyo yao.

Mzee wa Pasi kaja mapokezi na Kidoti. Mzee ndiye kiziwi wa kwanza kuajiriwa hapa, wengine wote kawafundisha yeye. Wanataka nikawasemee kwa msimamizi wa zamu. Nikawasemea. Fundi umeme atakuja wiki ijayo, akasema, kwa sasa waangaliane. "Waambie hao mabubu wako wafumbue macho."

Nikatafsiri hivyo hivyo, na neno lake lile. Ndiyo kazi: sipunguzi, siongezi. Mzee wa Pasi akashukuru. Kidoti hakushukuru.

Jumanne, 11 Machi

Kidoti ameumia. Mkono wa kulia. Siwezi kuandika.

Jumatano, 12 Machi

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Shuka lilinasa, mashine ikasimama, Kidoti akaingiza mkono kulitoa. Msimamizi akaiwasha kutoka upande wa pili. Hakumwona. Kengele ililia — hata mimi mapokezi niliisikia. Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Muda wote tuliofanya kazi pamoja sikuwahi kuisikia sauti ya Kidoti.

Hospitali wamemkata vidole. Kimebaki kidole cha mwisho na kipande cha gumba. Daktari aliongea na mimi, si na yeye. Mwambie ana bahati, kiganja kimepona. Nikamwambia. Kidoti akainua mkono wa kushoto, akaanza kusema kitu. Nusu ya maneno ikabaki ndani ya bandeji. Nikamwomba arudie. Akarudia. Sikuelewa. Mimi, niliyejua alama kabla ya kujua kutamka, maana mama yangu ni kiziwi — sikuelewa.

Nyumbani nikamsimulia mama. Hakuuliza mashine gani wala kosa la nani. Aliuliza tu: Sasa atasemaje?

Ijumaa, 14 Machi

Meneja kaniita ofisini. Chai nimekuta imeshamiminwa. Leo ananiita mwanangu. Afisa kazi wa serikali anakuja kufanya kikao cha uchunguzi. Kampuni itasema Kidoti alizembea, kwa sababu mafunzo ya usalama alipata kama wengine. "Na wewe ulikuwepo, ukatafsiri."

Nikasema sikuwepo. Siku ya mafunzo yeye mwenyewe aliniambia nisitoke mapokezi, kuna wateja wakubwa wanakuja. Viziwi walikalishwa mstari wa nyuma, wakautazama mdomo wa mkufunzi ukichezacheza, wakapewa soda.

"Fikiri vizuri, mwanangu. Umeona kampuni nyingine inayoajiri viziwi? Sisi tukiaibishwa kwa hili, nani atathubutu tena?"

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 16 Machi

Mzee wa Pasi kaja nyumbani. Yeye na mama wanajuana tangu shule ya viziwi. Wakazungumza habari za watu wao, mikono inaruka, mama anacheka mpaka machozi. Halafu Mzee akanigeukia mimi.

Binti yangu, akasema, kabla ya hapa nilizunguka milango ya viwanda nikifukuzwa kama kuku. Vidole vya Kidoti vimekwenda, havirudi. Mikono yetu bado ipo, na ina watoto wa kulisha. Nakuomba.

Mimi nina masikio; hapa wakinifukuza nitapata kwingine. Yeye anajua hivyo, nami najua.

Mgeni alipoondoka, mama akaosha vikombe, akivigonganisha vibaya. Hajui vinapiga kelele kiasi gani.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kumwona Kidoti kwa kaka yake. Anajifunza kusema kwa kushoto. Mambo ya kusema kwa mikono miwili ndiyo yanamshinda — anaishia katikati, anatazama ukutani.

Kauliza nani atamtafsiria kwenye kikao. Nikamweleza niliomba aletwe mkalimani mwingine, maana jambo hili linanigusa, na mkalimani anayeguswa hatakiwi pale. Meneja kasema bajeti hakuna, na mkalimani wa kampuni yupo. Kidoti akasema: Afadhali. Wewe nakuelewa.

Sikumwambia alilosema meneja. Wala alilosema Mzee. Angeniuliza nimeamua nini.

Jumatano, 26 Machi

Mapumziko. Naandika kwenye ngazi za nyuma, daftari gotini.

Tumeanza asubuhi, hapa hapa kiwandani. Afisa kazi katikati, meneja na wakili upande mmoja, Kidoti na kaka yake upande wa pili. Nikatafsiri kila kitu. Uzembe — nikatafsiri. Hawa ni wazito kuelewa — nikatafsiri. Halafu wakili akasema mafunzo yalifanyika, na aliyeyatafsiri ndiye huyu aliyesimama mbele yetu, basi mlalamikaji hana kisingizio.

Ikabidi nitafsiri na hilo. Nikajinyooshea kidole: huyu, alikuwepo, alitafsiri. Kidoti akaitazama mikono yangu, kisha uso. Akauliza kwa kushoto, polepole, kila alama wazi.

"Anasemaje?" afisa kazi akauliza.

"Anauliza, ulikuwepo?"

"Anamwuliza nani?"

"Ananiuliza mimi."

Wakili akainuka. Mkalimani si shahidi, hawezi kujibu. Afisa kazi akamwambia, "Si wewe uliyemtaja?" Akasema tupumzike kidogo, tukirudi nijibu kwa mdomo na kwa mikono, kila mtu aelewe.

Nikamwuliza, nikiwa najibu, nani atamtafsiria Kidoti maswali ya wakili? Hakuwa amelifikiria hilo.

Meneja kapita hapa sasa hivi. Kanigusa bega. Mzee wa Pasi yuko chini uani na wenzake wa zamu, wameacha kazi. Wananitazama. Hakuna anayeinua mkono.

Mwenye sauti anaweza kukohoa, akajifanya anatafuta neno. Kwa mikono huna pa kujificha.

Mlango umefunguliwa. Wananiita. Kidoti hakutoka hata kwenye mapumziko — namwona kutoka hapa, amekaa pale pale, macho kayakaza mahali nilipokuwa nimesimama.