Mashine Iliyokaa Chini ya Shuka

Mwalimu wangu, Daktari Njeru,

Tulikuzika Alhamisi, kwenu Siakago, juani. Leo nimerudi kazini. Kiti chako kimepewa kijana aliyetoka chuo juzi, na kila akikikalia naangalia pembeni.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai.

Unakumbuka ultrasaundi ilipoletwa hospitalini kwetu. Daktari Mwenda, mgeni wakati huo, alituita sote tuione ikimulika tumbo la mama mjamzito. Wewe ulitangulia kuweka kiganja, ukafumba macho, ukasema, "Huyu ametanguliza makalio." Mashine nayo ikaonyesha hivyo hivyo. Tukapiga makofi. "Mkono wangu haungoji stima," ukasema, na kuanzia siku hiyo mashine ikafunikwa shuka. Hata madaktari waliotaka kuitumia waliona haya mbele yako. Mimi nisingethubutu. Ni wewe uliyenifundisha kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa ile pembe ya mbao, mara kumi, mara ishirini, mpaka nikausikia.

Kisha akaja Wanja wa Kiambere, msichana wa miaka ishirini, akiletwa na mama yake. Tumbo lilimuuma upande mmoja. Ulimpima, ukasema ni amiba, ukaagiza alazwe tumwangalie. Mchana Mwenda akapita wodini, akaona midomo yake imepauka. Akaniambia, "Sista Kaari, mlete kwa mashine. Dakika tano tu."

Nikamjibu, "Daktari Njeru ameshamwona."

Ndivyo nilivyosema. Wala sikuja kukuambia. Niliogopa utadhani nimekugeuka.

Saa kumi jioni Wanja alizimia. Mimba ilikuwa imeshika nje ya mfuko wa uzazi, ikapasuka. Alikata roho kwenye machela tukimkimbiza kupasuliwa. Mama yake tukamwambia ni mapenzi ya Mungu.

Kesho yake uliitoa ile shuka mwenyewe. Ukavuta stuli kando ya Mwenda, kijana wa rika la mwanao, ukamwuliza, "Hiki cheusi ni nini?" Kila asubuhi ulikuwa pale, miezi na miezi, ukikosea na kusahihishwa mbele yetu. Wengine wakafuata kwa sababu ulikuwa wewe. Siku hizi kuna foleni mlangoni pa chumba kile. Watoto wa chuo hawajui kwamba kuna wakati tuliikwepa. Lakini wewe hukucheka tena wodini, na mimi nilikuona, nikanyamaza.

Sasa sikia. Kaburini mwanamke mmoja alinishika mkono. Mama Wanja! Alikuwa ametoka Kiambere asubuhi hiyo. Nilitamani ardhi inimeze. Akaniambia kwamba wiki ile ya msiba ulikwenda kwake, peke yako, ukasimama uani ukasema, "Mama, mtoto wako sikumwona vizuri. Kosa ni langu." Akakufukuza. Mwezi uliofuata ukarudi, akakufukuza tena. Mara ya tatu akakupa kiti, na tangu hapo hukuacha kumtembelea. Miaka yote hiyo, Mwalimu, na hukutuambia hata mmoja wetu.

"Alisema kosa lilikuwa lake peke yake," mama akasema, akinitazama.

Nilitazama udongo.

Halikuwa lako peke yako. Dakika tano zile zilikuwa mkononi mwangu. Laiti ningekugongea mlango, ungenigombeza, pengine, halafu ungekuja. Nakujua, ungekuja. Umekwenda na mzigo ambao nusu yake ni wangu, nami nilikuwa karibu nawe kila siku, nikikupokeza faili, nikikuuliza kama umekunywa chai.

Lala, Mwalimu. Hapo ulipo pasiwe na mgonjwa wa kukuamsha.

Jumamosi sina zamu. Nitakwenda Kiambere nimwambie mama yule alichoniambia Mwenda, na nilichojibu mimi. Akinifukuza, nitarudi.

Mwanafunzi wako,
Kaari