Mapigo Mia na Ishirini na Nane

Kamene,

Githeri iko jikoni, pasha kabla ya kula. Na mashine ya mazoezi uizime kwa soketi, tokeni za stima zimebaki kidogo.

Asubuhi uliponiambia umepata nyumba Njiru na unahama Jumamosi, nilikuwa juu ya hiyo mashine, nikakujibu, "Hongera, mimi sina neno." Papo hapo ikaanza kupunguza mwendo. Wewe ndiye uliiseti vile daktari alisema: moyo wangu ukipita mapigo mia na kumi, ipoe. Ukasoma kioo cha mashine ukacheka. "Baba, mia na ishirini na nane! Na huna neno?"

Nikasingizia chai ya tangawizi. Haikuwa chai.

~~Njiru ni mbali.~~ Njiru si mbali. Ni vile tu miaka ishirini na sita nimezoea kukusikia ukifungua huo mlango.

Mama yako usimwambie hiyo namba, atanifungia kitandani.

Nimetembea hadi kwa jirani yetu Matheka kuomba pikapu yake. Jumamosi nitakuhamisha mimi mwenyewe, na nikiendesha polepole usiniharakishe.

Baba yako